Nani kasema The Thing ni filamu mbovu?

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Sababu mnaijua: joto limeingia, viyoyozi vya watu vinakufa kama kuku wa mdondo, na sisi mafundi ndiyo msimu wetu wa kukosa usingizi. Sheria ya Qatar inakataza kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, tangu tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba. Lakini kiyoyozi kikifa ndani ya nyumba ya mtu hakijui saa wala sheria. Simu inalia tu.

Basi leo sina habari za joto wala za riyali. Leo nimekuja kugombana, na nimekuja kugombana na nyinyi nyinyi.

Mara ya mwisho niliwagusia kwamba chumbani kwetu, usiku wa kuamkia Ijumaa, kuna filamu moja tumeirudia mpaka tunaijua kwa moyo. The Thing, ya John Carpenter, ya mwaka 1982. Nilidhani nasimulia jambo dogo la kupitisha muda. Kumbe nimetia mkono kwenye mzinga. Shemeji yangu, mtu wa biashara, akaandika: filamu yenyewe ilianguka sokoni huko huko Marekani, sasa nyie mnaitafutia nini? Binamu yangu aliyemaliza chuo Dar akasema ile ni kazi kubwa, ila watu wa kupiga kelele mbele ya skrini hawawezi kuielewa, wao wanaona manyama na damu tu. Na mjomba, shikamoo mjomba, akaniuliza kama nimekuja Uarabuni kutafuta riziki au kutazama mashetani.

Haya. Kila mtu atapata jibu lake. Mjomba nimemweka mwisho kwa heshima yake, maana lake ndilo zito.

Kwa ambao hamjaiona, kisa chenyewe ni hiki. Wanaume kumi na wawili wako kwenye kambi ya utafiti Antaktika. Barafu pande zote, majira ya baridi yanaingia, redio haishiki. Anatokea mbwa anakimbia, nyuma yake helikopta, na ndani ya helikopta kuna mtu wa Norwei anamfyatulia risasi yule mbwa. Wamarekani wanaona yule Mnorwei kapata wazimu, wanamuua, mbwa wanamwingiza ndani. Kumbe mbwa si mbwa. Ni kitu kilichoanguka kutoka angani zamani za kale, kikalala kwenye barafu, na kazi yake ni moja: kinamwingia kiumbe, kinammeza, halafu kinakuwa yeye. Sura yake, sauti yake, hata utani wake. Kuanzia hapo hakuna anayejua nani bado ni mtu.

Hamna mapenzi humo, hamna mtoto wa kuokolewa, hamna profesa wa kutueleza kile kitu kinataka nini. Hakitaki lolote zaidi ya kuishi. Wenyewe wana jina la hadithi za namna hii, hofu ya kiulimwengu, yaani hofu ya mtu anayegundua kwamba huko nje kuna vitu vikubwa ambavyo havimjui na havina habari naye. Mmarekani H. P. Lovecraft aliandika hadithi yake ya Antaktika ikatoka 1936, na mwenzake John W. Campbell akafuata 1938 na hadithi ambayo ndiyo mama wa filamu hii.

Nianze na wewe shemeji.

Unasema ilianguka. Kweli ilianguka, sikatai. Ilitoka Marekani tarehe 25 Juni 1982. Iligharimu kama dola milioni 15, na kwenye majumba ya sinema ya kwao ikaingiza milioni 19 na ushei. Wewe unajua hesabu: mwenye jumba anachukua chake, matangazo yana bei yake, kwa hiyo hapo hakuna faida, hapo ni kilio. Lakini uliza ilitoka wakati gani. Wiki mbili tu kabla, tarehe 11 Juni, Steven Spielberg alikuwa ametoa E.T., mgeni mpole kutoka angani ambaye anafanya urafiki na mtoto. Marekani nzima ilikuwa bado inajifuta machozi ya furaha. Halafu anakuja Carpenter kuwaambia kwamba mgeni wa angani ataanza na mbwa wako, kisha atavaa sura ya rafiki yako. Nani angemsikiliza? Siku ile ile ya 25 Juni ikatoka na Blade Runner, nayo ikaanguka, na leo hakuna anayethubutu kuiita filamu mbaya.

Wakosoaji nao hawakumwacha. Vincent Canby wa gazeti la New York Times aliiita takataka. Muziki wa Ennio Morricone, yule Mtaliano mkubwa, ukateuliwa kwenye tuzo za Razzie, zile za kukejeli kazi mbaya. Carpenter alikuwa amepangiwa kuongoza filamu ya Firestarter kwa studio hiyo hiyo ya Universal. Akanyang'anywa.

Halafu zikaja kanda za video. Watu wakaikodi, wakaitazama nyumbani kwao usiku, wakawa wanairudisha nyuma kutafuta ni lini hasa fulani aligeuzwa. Ikapita kwenye televisheni. Ikapata wapenzi wake, mmoja akimwambia mwingine, bila tangazo. Leo watumishi wa kituo cha Marekani kwenye Ncha ya Kusini wana desturi ya kuitazama ndege ya mwisho ikishaondoka na baridi ikishawafungia mlango. Mwaka 2015 Quentin Tarantino akatengeneza The Hateful Eight, watu wasioaminiana wamefungiwa na theluji, akamweka Kurt Russell yule yule, akampa muziki Morricone yule yule. Humo ndani mkatumika na vipande ambavyo mzee alivitungia The Thing vikakaa bila kazi. Mwaka 2016 mzee akapewa Oscar kwa muziki wa filamu hiyo. Kutoka kukejeliwa mpaka kupigiwa makofi, miaka thelathini na ushei.

Sasa shemeji, niambie, filamu ilibadilika? Picha ni zile zile, mbwa ni yule yule. Aliyebadilika ni mtu aliyeketi mbele yake. Soko linajua bei ya wiki ya kwanza, basi, halijui zaidi ya hapo. Wewe mwenyewe ulipofungua duka la vipuri pale Ngamiani mwaka wa kwanza ulikula hasara tupu. Mbona hukusema vipuri ni bidhaa mbovu?

Binamu yangu msomi, zamu yako.

Wewe unaisifu filamu, na kwa hilo tuko pamoja. Ninachogombana nawe ni pale unaposema sisi hatuwezi kuielewa kwa sababu tunapiga kelele. Binamu, kwani wewe ulijifunzia wapi kutazama filamu? Si kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, mtu anazungumza juu ya picha kwa Kiswahili? Tanzania tulikuwa na Lufufu, Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo. Watu hawa walitufundisha kwamba filamu ni kitu cha kujibiwa. Ukikaa kimya mbele ya filamu hujaielewa zaidi ya mwenzako, umenyamaza tu.

Na sasa sikiliza hizo kelele zetu zilisema nini.

Chumbani tuko sita. Mimi na Mtanzania mwenzangu, Wakenya wawili, Mganda mmoja na jirani yetu Mnepali ambaye kwa sasa ni kama wa humu humu. Mara ya kwanza tulipoitazama, ile ya mbwa na helikopta ilipita tu. Mara ya pili, yule Mnepali akasema simamisha. Akauliza: yule Mnorwei anasema nini? Hakuna aliyejua. Tukatafuta. Kumbe yule mtu, kwa lugha yake, anawaambia ukweli wote! Anawaambia waondoke, huyo si mbwa, ni kitu kinachojifanya mbwa. Filamu ina dakika chache tu tangu ianze, na jibu lote limeshatolewa, na aliyelitoa amepigwa risasi kwa kuwa hakuna aliyeijua lugha yake.

Chumba kikalipuka. Binamu, ungekuwepo! Kila mtu ana hadithi yake ya namna hiyo. Mmoja alimwambia msimamizi wake kwamba jukwaa la kusimamia halijakaa sawa, akamwambia kwa Kiingereza cha kuombea maji, akaambiwa wewe mvivu. Mwingine alikaa kwenye benchi la zahanati akishika tumbo, akaandikiwa dawa ya kichwa. Mnepali hakusema lake, alitikisa kichwa tu. Wakosoaji wa 1982 walioandika kwamba watu wa filamu hii hawana uhai, hawana nafsi, sidhani kama walipata kuishi mahali ambapo ukweli wako hauna mkalimani. Sisi tunaishi hapo. Hilo ni kuona manyama na damu tu?

Halafu kuna kile kipande cha damu. MacReady, rubani wa kambi, anawafunga wenzake kwenye viti, anachukua damu ya kila mmoja kwenye kisahani, anachovya waya wa moto. Damu ya mtu itachemka kidogo tu. Damu ya kile kitu itaruka, maana kila tone lake linajipigania. Wanaokitazama kwa mara ya kwanza wanaruka hapo. Sisi hatukuruka. Sisi tulinyamaza, na chumba chetu hakijui kunyamaza.

Mnakumbuka mwaka 2020. Tarehe 17 Machi walifunga sehemu ya Industrial Area, kule wanakolala wafanyakazi wengi wa nchi hii, watu wasitoke wasiingie. Mwezi Mei ikaja Ehteraz, programu ya kwenye simu ambayo kila mtu alilazimika kuwa nayo akitoka nje. Kijani mzima, njano yuko karantini, kijivu anashukiwa, nyekundu mgonjwa. Ulikuwa unafika mlango wa duka unaonesha simu, na rangi ndiyo inasema wewe ni nani. Chumbani mtu akikohoa usiku, watano wengine wako macho gizani, hakuna anayesema neno. Unampenda mwenzako, mmekula sahani moja miaka mitatu, na bado unajiuliza. Msomaji wangu wa nyumbani, hiyo ndiyo The Thing. Hakuna hata mguu mmoja wa buibui humo, lakini ndiyo yenyewe. Kile chenye miguu mingi alichokitengeneza kijana Rob Bottin kwa mpira na gundi ni kwa ajili ya macho. Kinachotisha ni ile subira kabla ya waya kugusa damu.

Kwa hiyo binamu, usituambie kwamba filamu hii ina wenyewe. Wenyewe ni waliokaa kambini.

Mjomba, shikamoo tena. Nakuja kwako.

Unasema ni mashetani. Kwanza nikukumbushe kwa adabu kwamba miaka ile Mussa Banzi alipotutolea Nsyuka na Shumileta, kanda zilizunguka mtaa mzima na hakuna aliyezichoma moto. Mnazoogopa ni za Kizungu tu? Lakini hoja yako ni kubwa kuliko hiyo. Unasema mtu akilisha akili yake hofu, hofu inakuwa mgeni asiyeaga. Hapo sikupingi moja kwa moja. Nakuuliza tu: hofu ilisubiri filamu?

Wakubwa wote mnaukumbuka mwaka 1995. Popobawa alianza Pemba, akaja Unguja, habari zikavuka mpaka bara. Watu wazima walihama vitanda vyao, wakawa wanalala nje kwa makundi, moto unawaka, wanakesha. Na walisema nini kuhusu yeye? Kwamba usiku ni jinamizi, lakini mchana anaweza kuvaa sura ya mtu wa kawaida akapita sokoni. Yaani anaweza kuwa yeyote. Matokeo yake Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili akashikwa na kundi la watu wakidhani ndiye, wakamuua. Alikuwa mtu. Mgonjwa, mwana wa watu.

Sasa mjomba sikiliza. Kwenye filamu hii unayoiita ya mashetani kuna mtu anaitwa Clark, mtunza mbwa. Kwa kuwa alikuwa na mbwa muda wote, kila mtu anamshuku. Kwenye purukushani MacReady, ambaye ndiye tunamshangilia, anampiga risasi. Baadaye damu ya Clark inapimwa. Clark alikuwa mtu. Na mwenzao mmoja anamwambia MacReady pale pale, basi wewe ni muuaji. Filamu haimfichi shujaa wake. Inasema: ukiogopa vya kutosha utamuua asiye na hatia, na utakuwa na sababu nzuri mkononi. Mjomba, hayo si mafundisho ya mashetani. Mwaka 1995 yangetufaa. Ule mwaka hapakuwa na filamu yoyote, palikuwa na sisi tu.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika, maana ugomvi wangu na nyinyi si wa sinema peke yake.

Kila mmoja wetu hapa chumbani akirudi likizo anapimwa damu. Mnajua nasema nini. Anashuka uwanja wa ndege, wiki ya kwanza ni vigelegele. Wiki ya pili linaanza: siku hizi umebadilika. Akikataa kuchangia shughuli moja kati ya nne, amebadilika. Akilala mchana kwa sababu mwili umezoea zamu ya usiku, anaringa. Akinyamaza, ana siri. Akiongea sana, amejifunza maneno ya Kiarabu. Mkenya wetu wa Kilifi aliambiwa na dada yake wa tumbo moja kwamba yule waliyemsindikiza siye aliyerudi. Kosa lake nini? Alisema hana pesa, na kweli hakuwa nazo.

Mnatupima kwa waya mmoja tu, nao ni pesa. Pochi ikiruka, huyu ni wetu. Isiporuka, kamezwa na Uarabuni, huyu ni kitu kimevaa sura yake. Jamani! Kile kitu cha kwenye filamu, kama kweli kingetaka kujifanya mmoja wetu, kingefanya nini? Kingekuja na mabegi matatu, kingegawa manukato, kingemwaga riyali, na mngekipokea kwa ngoma. Kipimo chenu kinampitisha mwigizaji na kumkamata mtu.

Angalieni tena kile kipande cha waya wa moto. MacReady ameshika silaha, ndiye mwenye amri, angeweza kusema mimi najijua mnisamehe. Hakusema. Aliweka na damu yake kwenye kisahani, akachovya mbele ya wote. Ndiyo maana kipimo kile tunakiamini. Sasa nyinyi mnaotupima, ni lini mliweka damu yenu? Nani kati yenu alipiga simu mwaka 2020 akauliza unalala wapi, unakula nini, kabla ya kuuliza utatuma lini? Wapo walioniuliza, nawajua, na hao hayawahusu haya. Wengine jipimeni.

Mwisho wa filamu nao ulichukiwa sana 1982. Kambi imeungua, wamebaki wawili, MacReady na Childs, kila mmoja hamjui mwenzake kama ni mtu. Wanakaa kwenye theluji, wanapeana chupa moja, wanasubiri. Basi, imekwisha. Watu walitaka waambiwe nani ni nani. Humu ndani tumebishana juu ya hilo mara nyingi kuliko Simba na Yanga. Mganda anasema Childs ameshageuzwa. Mkenya wa pili anasema wote ni watu na ndiyo uchungu wenyewe. Mnepali anasema haijalishi, wamekaa pamoja na wamegawana kilichobaki.

Mimi niko upande wa Mnepali. Watu hawapati hakika juu ya mtu mwingine, hata aliyelala kitanda cha juu yako. Wanachopata ni kuamua kukaa naye. Hilo filamu haikulisema kwa hotuba, na labda ndiyo sababu wale wa wiki ya kwanza hawakulisikia.

Basi itafuteni, itazameni. Watoto walale kwanza, nawaonya, ile ya mbwa kwenye banda si ya kuchezea. Msiamini mkosoaji, msiamini mauzo, na wala msiniamini mimi. Ila ukisema ni mbovu, niambie kwanza uliitazama na nani, na mlikuwa mnaogopa nini.

Nasubiri majibu yenu. Mjomba najua utaandika, na mimi nitajibu kwa adabu ile ile. Shemeji, salimia wateja. Binamu, njoo siku moja uketi nasi chini kwenye mkeka, utapiga kelele na wewe.

Wasalaam kutoka Wakrah. Simu inalia, kuna kiyoyozi kimekufa.